Sifa za Ungo Uliovaa Foili

Mnazi umeshasifiwa, jahazi limeshasifiwa, na kwenye harusi hata sufuria la pilau hupata mtu wa kulitolea maneno mazuri. Ungo uliovalishwa foili bado haujapata mtu. Najitolea mimi, bila posho, kuunadi mbele yenu: ungo wa kupepetea mchele, uliobandikwa karatasi ya foili upande wa ndani, unaoshikiliwa chini kidogo ya kifua cha mtu anayepigwa picha ili umrudishie usoni lile jua alilokuwa akilikimbia. Hauna chapa wala gerentii, na ukianguka kwenye vumbi haumlizi mtu.

Sifa huanza na nasaba, nasi tuanze huko, maana kuna watu wanaudhani ungo huu ni mtoto wa barabarani. Machi 1840, mjini New York, Alexander Wolcott na mshirika wake John Johnson walifungua chumba cha kupigia watu picha, kinachohesabiwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa duniani. Bamba la picha la enzi hizo lilikuwa zito la kuona, likitaka mwanga mwingi na mteja asiyetikisika. Wolcott akaweka vioo vikubwa vya kulinasa jua la nje na kulirusha ndani, usoni pa mteja. Jua likawa kali mno kwa macho ya binadamu, ikabidi lipitishwe kwanza kwenye vyombo vya kioo vyenye maji ya buluu ya mrututu. Kamera yake nayo haikuwa na lenzi. Ndani mlikuwa na kioo kilichobonyea katikati, kikiukusanya mwanga na kuurudisha kwenye bamba. Kilichobonyea katikati, ndugu msomaji. Kitazame kwa haki, bila kuonea mtu haya, useme kama huo si ungo.

Upande wa wajomba yumo Subrata Mitra, mpigapicha wa sinema za Satyajit Ray huko India. Alipokabidhiwa kamera ya Pather Panchali alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kupiga filamu hata moja. Filamu iliyofuata, Aparajito ya mwaka 1956, ilihitaji ua wa nyumba ya Banaras, na ua huo ukajengwa ndani ya studio. Sasa, ua wa kweli hupokea mwanga wa mbingu kutoka juu, mwanga mpole usio na vivuli vikali. Taa za studio zinampa mtu mmoja vivuli vitatu. Mitra akatanda kitambaa cheupe juu ya ua, akazigeuza taa zake zitazame kitambaa badala ya waigizaji, na mwanga ukashuka umepoa. Shuka, kwa maneno mengine. Siku hizi wanaofanya hivyo hukodi kitambaa hicho kwa bei inayoweza kununua kitanda.

Ukoo tumeuona, tuje kwenye kazi. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi saa sita mchana halitoki mbali na hapo. Mpige mtu picha saa hiyo uone: macho yanazama mashimoni, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, bibi harusi anaota sharubu. Wataalamu wanakushauri usubiri jioni, lakini maharusi wana ratiba, na ukumbi una mwenyewe. Hapo ndipo ungo unapoitwa. Foili hurudisha karibu asilimia 88 ya mwanga unaoiangukia, basi ukiuinamisha ungo kidogo macho yanatoka mafichoni na sharubu zinanyolewa papo hapo. Sharti foili ikunjwekunjwe kwanza, kisha ikunjuliwe, ndipo ibandikwe; ikiachwa nyororo hurusha jua kwa mabaka, na mteja anaondoka na doa jeupe shavuni. Wapo wanaobishana kuhusu upande unaong'aa zaidi na ule uliofifia. Tofauti ni ndogo, na mabishano hayo nayaheshimu kwa kuwa yanawaondoa watu njiani wakati wengine tunafanya kazi.

Foili yenyewe hupatikana jikoni, kwa kawaida siku ileile iliponunuliwa kwa ajili ya samaki wa kuoka. Ungo hupatikana hukohuko. Tuhesabu hiyo kuwa fadhila: ni kifaa pekee cha picha kinachoishirikisha familia nzima, kila mmoja kwa sauti yake.

Haki ya binamu yake, taa ya ndoo, nisiile. Ndoo ya plastiki, foili ndani, holda iliyopitishwa kwenye tundu la kitako, na chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili kikafungwa mdomoni kwa mpira wa baiskeli. Ukiitia balbu ya zamani ya wati 100, sehemu kubwa ya umeme unaoulipia inageuka joto, na baada ya muda ndoo inaanza kulegea na kutoa harufu yake. Ukiitia balbu ya LED ya bei ya chee, ndoo inapona lakini picha inaota mistari. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu ya namna hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Dawa yake ni kuiweka kamera kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, ikusanye mipepeso kamili. Halafu nuru ya ndoo ina uchoyo: mteja akirudi nyuma mara mbili ya umbali aliokuwepo, anabakiwa na takribani robo tu. Kwa hiyo anasogezwa karibu, karibu zaidi, mpaka jasho linamtoka na uso unapata mng'ao ambao wengine wanaununua dukani.

Lakini sifa kuu ya ungo ni usumbufu wake, na hili watengenezaji wa vifaa hawajalielewa. Ungo hauna mguu. Unahitaji mtu wa kuushika, na mtu huyo, kwa kawaida mpwa, anahitaji soda. Hauwezi kutulia: upepo ukivuma unakwenda nao. Na saa yake nzuri kuliko zote, jua linapokaribia kuzama, ndiyo saa watoto wanaitwa ndani na waungwana wanajiandaa kwa magharibi. Ukatishe uchochoroni wakati huo na ungo unaometameta kwapani, utapata salamu ambazo hukuzizoea.

"Mjukuu wangu, huo ni wa kupepetea au wa kurukia?"

"Wa kupigia picha, bibi."

"Haya. Na ukifika huko utusalimie."

Watu wetu wakiona kamera nzito na taa zenye miguu mitatu huvaa uso wa kitambulisho. Kidevu kinapanda, macho yanakauka, mabega yanakuwa ya mtu anayesubiri kuapishwa. Mpigapicha anaweza kusema "cheka" mpaka sauti ikauke, asipate zaidi ya meno. Mbele ya ungo hakuna anayeweza kudumu hivyo. Mjomba amekuja na koti lake na heshima zake zote, anatazama chini, anamwona mpwa amechuchumaa miguuni pake, amejifunga kanga ya mama yake dhidi ya vumbi, ameinua ungo wa foili kwa mikono miwili. Heshima inamponyoka. Nusu ya sekunde kabla hajaikamata tena, ndiyo picha ambayo watoto wake wataigombania. Sisemi kuwa ungo unayajua haya. Yapo mambo mema ambayo hutendwa na wasiojua, na bado tunawashukuru.

Wapinzani watasema dukani iko rifleka inayojikunja ikaingia mkobani. Kweli ipo. Ukiifungua chumbani inaruka na kukupiga kidevuni, na kuirudisha kwenye mfuko wake ni elimu ambayo wachache wamejaliwa. Nimewaona watu wazima wakipigana nayo uwanjani mbele ya wageni. Ungo haujikunji, nakiri. Ndani ya daladala ya saa kumi na moja jioni unachukua nafasi ya mtu mmoja na nusu, na foili inamrudishia dereva taa za gari la nyuma. Konda akikudai nauli yake, lipa. Na akikuuliza utashuka nao kituo gani, mtajie, kisha mwombe aushike kidogo hapo mlangoni, upande wa jua, autege hivi, maana kuna abiria wa siti ya dirishani ambaye uso wake umekaa vizuri sana.