Stelingi Hafi

Sisi wa Karatu tumebahatika. Mtu anajinyoosha kwenye kochi, anaweka *Hatari!* ya mwaka 1962, na nyuma ya John Wayne anaiona Tanganyika yake mwenyewe bila kulipa kiingilio cha Ngorongoro pale geti la Lodoare.

Maoni ya nyumbani kwetu ni mamoja: filamu safi. Stelingi hafi, faru wanakimbizwa kweli, na watoto wa tembo wametungiwa muziki wao na Henry Mancini. Wenyeji nao wamo, tena kwa adabu. Hawakatizi mazungumzo ya wakubwa. Shemeji aliuliza mbona hawasemi sana. Tukamnyamazisha, tembo walikuwa wanapita.

Ila kwa ufundi, nawapa kura Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kwa ile ya Serengeti iliyopata Oscar mwaka 1960. Ndege imepakwa milia kama punda! Wanyama wanahesabiwa kutoka angani kwa uangalifu ambao mpiga kura yeyote angeuonea wivu. Filamu yenyewe ilitoka 1959, mwaka uleule Wamaasai walipotolewa Serengeti na kuletwa huku Ngorongoro. Lazima tuelewe: simba anahitaji nafasi ya kuigiza, na mhusika asiyenguruma hupunguzwa mapema. Tena walipewa ahadi nzuri ya kukaa huku. Hata filamu mbovu huwa na mwanzo mzuri.

Wanaopenda mwendelezo wasikate tamaa. Sehemu ya pili ilianza 2022, na wahusika wanapelekwa Msomera, wilayani Handeni.