Mgongo wa Mama na Springi za Pikapu

Mama mkwe alikataa katakata kupanda pikapu yetu. Siku yake ya kliniki mjini Njombe ilikuwa imekaribia, na akasema ni heri atembee hadi barabara kuu akasubiri Hiace. "Gari lenu linanitwanga mgongo kama mchi," alisema.

Nyumba ikagawanyika. Shemeji alisema shokapu zimekufa, zinunuliwe zote nne. Mume wangu alisema ndivyo gari lilivyo: Hilux ya mwaka 1991, LN106, springi za majani mbele na nyuma, gari la kazi. Mimi nilisimama na mama. Mgonjwa hatakiwi kufika hospitali akiwa ameumia kuliko alivyotoka nyumbani.

Nikakaa naye jikoni nikamuuliza: mama, linakuumiza wakati gani hasa? Hakusita. "Tukienda shambani Uwemba linaniua. Tukirudi na viazi, nasinzia."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko ubishi wote wa sebuleni. Shokapu ikichoka, gari hupita shimo kisha likaendelea kudunda na kuyumba, na mzigo huzidisha hali hiyo. Gari linaloumiza likiwa tupu na kutulia likibeba mzigo lina kitu kigumu kupita kiasi huko chini.

Tulianza na kisichohitaji pesa. Asubuhi, tairi zikiwa baridi, tulipima upepo. Za nyuma zilisoma 60, upepo wa siku ya magunia. Tukaushusha hadi kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mtetemo wa kokoto ulipungua, lakini kila shimo bado lilipiga vilevile.

Shemeji hakuridhika, ndipo tukaenda kwa fundi mzee anayefanya kazi chini ya mkaratusi. Yeye hakugusa spana. Alituambia tuliendeshe gari kwenye barabara mbovu, turudi, kisha tuguse shokapu moja moja kwa uangalifu. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto kwa kusukuma mafuta yaliyomo ndani yake kwenye vitundu vidogo. Inayofanya kazi hupata moto. Za mbele zilikuwa na moto. Za nyuma zilikuwa baridi zote mbili.

"Si nilisema!" shemeji akapaza sauti, mkono tayari uko kwenye simu kuuliza bei.

"Subiri kwanza, kijana wangu," fundi akamwambia. Akafungua nati ya chini ya shokapu moja ya nyuma, akampa aivute na kuisukuma. Shemeji alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Shokapu ilitoka polepole, ikarudi polepole, bila kulegea popote na bila tone la mafuta kuvuja. Ilikuwa nzima. Ilibaki baridi kwa sababu hakuna kilichokuwa kikiisukuma.

Fundi akafinyanga udongo mbichi, akaubandika chini ya mpira wa kugotea, ule unaozuia ekseli isigonge chesisi. Tukazunguka tena, tukipita mashimo kwa makusudi. Udongo ulirudi na alama za vidole vyake zikiwa hazijaguswa. Ekseli haikuwa imeukaribia mpira. Springi zilikuwa hazipindi kabisa, na kila pigo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mama.

Gari likainuliwa kwa jeki na chesisi ikaegemezwa kwenye stendi imara. Fundi alibana majani kwa klampu kabla ya kufungua bolti ya katikati, maana springi iliyobanwa ikiachiwa ghafla inaweza kumjeruhi mtu. Ndipo ukweli ukalala juu ya turubai: kila upande ulikuwa na majani mawili ya ziada, manene, ya lori, yaliyowekwa kabla gari halijawa letu. Jani likiwa na urefu na upana uleule, ukiongeza unene wake mara mbili, ugumu wake hupanda mara nane. Katikati ya majani kutu ilikuwa imeyagandisha yasiteleze, na kwenye ncha ya nyuma, kile kibao kinachopaswa kubembea springi inaponyooka kilikuwa kimekwama kwenye bushi zilizokauka.

Hapo ubishi mwingine ukaanza, na huu ulikuwa mzito. Yale majani ndiyo yaliyokuwa yakibeba lumbesa, na lumbesa ndizo zinazolipa ada ya shule. Mume wangu aliyatazama kwa muda mrefu. Nikamwambia, baba, hii ni pikapu ya tani moja. Breki zake, ekseli zake na chesisi yake ni za tani moja, hata tukiirundikia springi za lori. Akamgeukia fundi: "Yatoe."

Majani yaliyobaki yakasuguliwa kwa brashi ya waya, yakapakwa grisi kidogo. Fedha iliyotengwa kwa shokapu ikanunua bushi mpya na yubolti mpya. Bolti za bushi hazikukazwa hadi gari lilipokaa chini kwa uzito wake wote, kwa sababu bushi ya mpira ikikazwa springi ikining'inia hubaki imejipinda na kupasuka mapema. Baada ya kutembea kidogo tukarudi gereji, yubolti zikakazwa tena.

Mama alipanda siku ya kliniki. Kwenye makorongo ya kabla ya lami alishika mpini wa mlango kwa mazoea, kisha akauachia na kuendelea kunisimulia habari za msiba wa jirani. Tangu hapo mume wangu ameandika kwa rangi nyeupe ndani ya bodi: MAGUNIA NANE, YA KIPIMO. Mavuno yakizidi, tunakwenda mara mbili.