Namna ya Kuwa Mkurugenzi Ukiwa Bado na Sapu

Kwanza shukuru Mungu unasoma Arusha. Mwanachuo wa mkoa mwingine akitaka kuonekana mtu wa kimataifa itabidi atumie akili. Wewe unahitaji simu yenye chaji na nauli ya kifodi kutoka Njiro hadi mjini, basi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na Bill Clinton alipokuja mwaka 2000 kwa ajili ya amani ya Burundi aliufananisha mji huu na Geneva. Tangu siku hiyo hakuna chalii anayelazimika kusema amepanga Unga Limited.

Anza na picha. Suti ipo Kilombero, kwenye mitumba, ukiwahi kabla bero halijachambuliwa. Ukishaivaa nenda zilipo bendera za nchi 8 za Jumuiya, ila usisogelee lango. Mlinzi atakuuliza, "Kijana, una miadi na nani?" na ukimjibu kwamba unatengeneza wasifu hatajua akuandike wapi kwenye daftari la wageni. Kaa ng'ambo ya barabara. Mwenzako achuchumae mpaka bendera zikae juu ya bega lako, kisha mkate kifodi, muuza karanga na begi la mwenzako. Wewe tazama pembeni, kama balozi kakuita. Chini yake andika: "Kikao kizuri leo. Makubwa yanakuja." Usiseme kikao cha nini. Vikao vingi vya mji huu navyo havisemi.

Halafu cheo: Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Kampuni ya utalii ndiyo nyepesi, maana Arusha kila mtu ana binamu dereva wa watalii. Jina liwe la Kimaasai hata kama wewe ni Mchaga wa Machame, na nembo iwe twiga na jua linalozama. Leseni ya TALA, kodi na magari waachie wenye tamaa ya faida.

Mlima nao haukwepeki. Kuupanda Meru ni siku tatu au nne, na huendi bila askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Siku ya pili, ukifika Saddle Hut miguu ikakataa, kuna kilele cha pembeni kiitwacho Little Meru, mita 3,820. Panda hicho, piga picha, halafu kwenye maandishi futa neno la kwanza. Umeongeza mita 746 umekaa. Asiye na hela hata ya kufika lango la Momella apige picha kwenye paa la hosteli, ila aamke mapema. Ikifika katikati ya asubuhi mlima mara nyingi umeshajifunika mawingu, na wakurugenzi wengi saa hizo ndiyo wanaamka.

Kuhusu fedha: Bodi ya Mikopo inatoa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Bando linatangulia. Chakula utakula kwa mwenzako mpaka bumu litoke, kisha mwenzako atakula kwako, na katikati hapo mtaita kufunga.

Ajira sasa. Mwaka 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za TRA, yaani kiti kimoja wanakigombea kama watu 85. Wewe andika asubuhi: "Acha utumwa wa kuajiriwa, jiajiri!" Maombi yako ya TRA tuma usiku. Ukiitwa kwenye usaili, waambie wafuasi umesafiri kikazi. Si uongo.

Tahadhari moja, na uisome polepole. Darasani kwenu kuna binti ambaye hana picha hata moja mtandaoni. Mchana anakaa kwenye kaofisi ka kampuni ya safari kule Sakina, meza moja na kompyuta mpakato iliyong'oka herufi, anajibu wageni. Mjerumani anauliza kama Februari ataona nyumbu wakivuka Mto Mara. Anamwambia hapana, mwezi huo wako Ndutu wanazaa, kuvuka aje Julai mpaka Septemba, alale Kogatende. Anapiga hesabu: viingilio vya hifadhi, ada ya kushuka kreta, mafuta, malazi, VAT asilimia 18, na siku ya kwanza ya mgeni aliyechoka na ndege. Anajua kwamba mgeni aliyeuliza saa nne usiku akajibiwa kesho yake mchana keshamlipa mtu mwingine. Anakula kamisheni. Yuko mtandaoni kuliko wewe, na sapu hana.

Mtu wa namna hii ni hatari kwa jina lako. Usimuulize alijifunzia wapi. Akikwambia msimu wa Juni unakuja na wanatafuta mtu wa pili wa kujibu wageni, mjibu kwamba ratiba yako imejaa.

Itabaki familia. Mama atapiga simu kutoka Poli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mama yako mdogo kanionyesha picha yako na mabendera. Kazi umepata?"

"Bado mama, kwa sasa najenga jina."

"Jina si tulikupa? Haya, ukimaliza kujenga uje, kuna kahawa ya kuchuma."

Huyo si tatizo. Tatizo ni mjomba, ambaye haulizi. Yeye ataona neno Mkurugenzi, atamfunga mwanawe tai, atampakia kwenye basi na bahasha ya vyeti, na kijana atakukuta hosteli umebeba ndoo ya maji. Mpokee kwa heshima. Chukua bahasha, ifungue, tikisa kichwa kidogo. Mwambie waombaji ni wengi, na watakaoitwa ni wale tu waliokidhi vigezo.