Sifa za Marehemu Shati Jekundu

Manahodha wamesifiwa vya kutosha. Leo ni zamu ya yule kijana anayesimama nyuma ya nahodha, mwenye shati jekundu, ambaye anakufa kabla hatujashika jina lake.

Mtoto yeyote wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Baraka, aliyekulia kwenye banda la video anaijua sheria: stelingi hafi. Sasa, ikiwa stelingi hafi, na hatari ni lazima ionekane kuwa ni hatari kweli, afe nani? Hapo ndipo Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya 1966 hadi 1969, ilipompa mtu wetu ajira. Walinzi na mafundi wa Enterprise, chombo cha angani, walivaa mekundu. Wakishuka sayari mpya watu watano, wanne mashuhuri na mmoja mgeni, huna haja ya kwenda kwa mganga.

Tazama ufundi wake. Katika kipindi kiitwacho The Apple, cha 1967, walikufa wanne, na kila mmoja alikuja na kifo chake. Hendorff alichomwa miiba na ua lenye sumu. Kaplan alipigwa radi. Mallory alikanyaga jiwe likalipuka. Marple alipigwa rungu. Hakuna aliyemwigiza mwenzake! Mvivu angejifia kwa risasi tu, kama wanavyokufa wengi katika filamu za vita.

Na gharama je? Kwetu Makobola mtu akifa, hata awe mdogo namna gani, kuna matanga: moto uani, wanaume wanakesha nje, bugali la watu wasiohesabika, mchango wa ukoo, na yule mjomba wa Baraka anayefika siku ya tatu akilalamika kwamba amechelewa kuarifiwa. Shati Jekundu hamsumbui mtu. Daktari wa chombo, McCoy, anapiga goti, anatangaza kwamba amekufa, nahodha anakunja uso kidogo, na safari inaendelea.

Wapo waliokaa na kalamu ili kumpunguzia heshima. Mwanatakwimu Matthew Barsalou alipiga hesabu ya wafanyakazi 430 wa chombo hicho, akaonyesha kwamba, kwa kulinganisha na idadi yao, wenye mashati ya manjano ndio waliokufa zaidi. Haya, tumesikia. Lakini ni nani aliyewahi kuwaonea huruma wa manjano?

Kasoro moja siwezi kuificha: wahusika wadogo, wa rangi zote, hawana akili ya biashara. Kipindi cha kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kilikuwa na dude linalofyonza chumvi mwilini mwa watu. Lilimwendea Uhura, binti wa mawasiliano, likiwa limejigeuza kijana mweusi mtanashati, likamsemesha kwa Kiswahili. Uhura alikuwa amevaa jekundu, na bado aliponea chupuchupu. Wenzake ambao hawakubembelezwa kwa lugha yoyote ndio waliookotwa wakiwa na alama za mviringo usoni. Muuza ndakala wa hapa, anayejua bei ya chumvi ya Uvinza kuliko umri wa wanawe, angelipa lile dude gunia moja na kuimaliza kesi kabla ya maiti ya pili.

Ninayo sababu nyingine ya kumsifu, na hii sina mzaha nayo. Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu waliuawa hapa Makobola na katika vijiji jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema zaidi ya 800. Iliyosafiri duniani ni hiyo namba. Majina yalibaki na wenyewe. Kwa hiyo mtu wa hapa akimwona kijana asiye na jina anaanguka ili hadithi ya wengine isonge mbele, ana haki ya kunyamaza. Shati Jekundu peke yake ndiye anayemruhusu acheke. Hana mama anayemngoja, hana kijiji, hana shamba lililobaki na mihogo ardhini. Kifo chake hakina mwenyewe, na sisi vifo vya namna hiyo hatuna.

Tena hana kinyongo. Luteni Leslie, aliyeigizwa na Eddie Paskey, aliuawa katika kipindi cha Obsession, Desemba 1967, na wingu linalonyonya damu. Tulimwona amelala chini, amekwisha. Kabla kipindi hicho hicho hakijaisha, huyo tena, na shati lake lile lile, mzima kabisa, yuko kazini. Hakuna aliyeshtuka wala aliyemuuliza alikotoka, na katika vipindi vilivyofuata aliendelea kuingia zamu.