Namna ya Kuziba Tundu la Ukubwa wa Tembo

Kwanza, hakikisha mwenyewe ameondoka. Wengi, shangazi yangu akiwamo, hukimbilia kukagua ukuta kabla ya kuangalia nyuma ya mwembe, na mnyama wa tani 6 anajua kusimama kimya gizani kuliko mwizi wa kuku. Subiri kuche. Tena subiri jirani atangulie kutoka.

Kukishakucha, usiguse kitu. Asiyejua mambo huanza kuokota fito. Ule si ukuta tena, ni ushahidi. Mpigie mtendaji wa kijiji, naye atamtafuta afisa wanyamapori, naye ataahidi kuja gari likipata mafuta. Mpaka hapo pikia nje, na kinyesi usikifagie hata kama kiko mlangoni, kwani bila kinyesi utaulizwa kama una hakika hakuwa ng'ombe.

Mimi nilifika kwa shangazi siku ya tatu, kijijini huko kusini, upande wa Liwale. Jiko ni la fito na udongo. Kona moja ilikuwa imeng'oka nzima, na fito zote zimelala kwa ndani. Mgeni alisukuma kwa paji la uso, mlango hakuusumbua. Kopo la chumvi lilikuwa bapa kama chapati. Madebe mawili ya mahindi hayakuwapo. Sufuria ya ugali ilikaa palepale mafigani, haina hata mkwaruzo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeona adabu yake? Kala, vyombo kaviacha."

Hatua inayofuata ni fomu. Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zilikuwa na malipo yenye jina zuri kuliko malipo yote nchini: kifuta jasho, na pakitokea kifo, kifuta machozi. Zilitaja mazao, zikataja mifugo, zikataja mwili wa binadamu. Jiko hazikulitaja. Fomu ya shangazi ikawa inauliza ekari. Basi tukapima, mita 3 kwa mita 4, tukapata ekari 0.003. Kiwango cha juu kwa mazao kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, hivyo jiko, tukilihesabu kuwa ni shamba, lilistahili shilingi 300. Kiwango hicho nacho kilikuwa cha aliye mbali na mpaka wa hifadhi. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu, kwa kuwa alijipeleka mwenyewe. Ukitafuta kiwanja, basi, nenda na futi kamba. Tembo hana futi kamba, lakini hilo ni lake.

Usije ukafikiri kwamba mwenye mali hajulikani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sensa ya 2022 ilihesabu wananchi milioni 61.7, na shangazi ni mmoja wao. Kwa maneno mengine, amevunjiwa jiko na mali yake mwenyewe. Nilipomweleza hivyo alinitazama kwa muda, kisha akanituma maji kisimani.

Sasa ujenzi. Udongo chukua wa kichuguu. Wa mtoni una mchanga mwingi na utadondoka kabla ya Idi. Uloweke usiku kucha, changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukanyage mpaka miguu isikie kwamba hakuna bonge. Nguzo zichimbiwe chini mpaka kwenye kiwiko. Ukitaka mti wa msituni, tafuta kibali kwanza, maana gari lile lililokosa mafuta ya kufuata tembo huyapata haraka likisikia shoka. Fito zifunge kwa magome ya miyombo. Waya ni nadhifu zaidi, ila ukuta ukianguka tena waya utakuchana, na gome litakatika tu kwa heshima. Kandika mkono wa kwanza, uache ukauke hadi upasuke, na usiogope nyufa, ndizo zitakazoushika mkono wa pili. Kusiriba ni mwisho kabisa, kwa kiganja, na shangazi hamwachii mtu kazi hiyo.

Fundi mmoja alishauri tujenge kwa tofali na saruji. Ushauri mzuri, na yeye ndiye angelipwa. Tembo akiamua, ukuta wa tofali nao unalala. Tope ukilipoteza umepoteza wiki. Saruji ukiipoteza umebaki na mkopo wa VICOBA.

Tabu yenyewe haiko ukutani, iko kwenye madebe. Tembo hunusa mahindi kutoka mbali, kwa hiyo mtaalamu atakuambia usiweke chakula jikoni. Uweke wapi? Wengi wanahamishia chumba cha kulala. Hapo utakuwa umemwelekeza kitandani.

Kuna kinga zinazofanya kazi kweli. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, wakulima walizungushia mashamba mizinga ya nyuki, kila mita 10 mzinga au mfano wa mzinga, yote ikiwa imeunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, nyuki wanatoka na yeye anakumbuka shughuli nyingine. Kwetu wapo wanaotundika kwenye kamba matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili. Na kaskazini, shirika la Honeyguide limewafundisha wanavijiji kuanza na tochi kali, kisha honi, na akikaidi, kondomu iliyojazwa pilipili ya unga, udongo na fataki, inayopasuka na kuacha wingu analolichukia. Shangazi aliponisikia nataja kondomu alifunga mjadala. Zahanatini zinatolewa bure, lakini yeye ni mjane wa miaka 67 na foleni ya pale imejaa wajukuu zake.

Wenye nyegere kwenye banda la kuku na wenye popo darini mnisamehe, nafasi imekwisha. Kwa popo, ziba matundu jioni wakishatoka, na si katika miezi ya kunyonyesha, la sivyo makinda yataozea juu ya kichwa chako. Kwa nyegere, jenga kwa mawe na uombe Mungu.

Ukuta wa shangazi ulichukua siku kumi na moja kukauka. Kopo la chumvi amelinyoosha kwa mchi, linatumika. Fomu ilirudishwa mara moja kwa kukosa muhuri, ikapelekwa tena. Mahindi ya jirani yanakomaa mwezi ujao. Mwenye tochi ya ziada na atuletee.