Nimelipia Ukuta wa Udongo

Sijui nani aliwadanganya watu kwamba jangwani ndiko kwa kupumzikia. Shemeji yangu anayeishi Phoenix, Arizona, alitukokota hadi Tucson mwezi wa sita, joto limeshavuka nyuzi 40, eti tukapunguze mawazo. Mimi mawazo sikuwa nayo. Yalinianza aliponitajia bei ya kihoteli.

Safari ni kama kilomita 180 na njia nzima hakuna hata mchoma mahindi. Kwetu ningekuwa nimeshatafuna mayai, karanga na muwa bila kushuka garini. Huku ni vumbi, kisha madungusi, na mama watoto anapiga kelele kila saa: “Shemeji, simama nipige picha!”

Haya madungusi marefu, saguaro, nayakubali shingo upande. Huota kwenye jangwa la Sonora tu, tena polepole kuliko faili la kiwanja: laweza kufikisha miaka 50, hata 75, halijatoa tawi la kwanza. Sheria ya Arizona inayalinda, na yenyewe yanajua kujilinda. Mwaka 1982, karibu na Phoenix, kijana mmoja alilimiminia saguaro risasi kwa mzaha, likamwangukia, likamuua. Niliposikia hayo nikaliamkia lililokuwa mbele yangu. Linaweza kuwa na umri wa babu wa babu yangu.

Asiye na adabu ni mdogo wao, cholla. Huyo ukimgusa kidogo tu, kipande kinachomoka na kukuganda. Nilifika mapokezi nacho pajani.

Sasa hicho kihoteli. Kuta za matofali mabichi ya udongo. Sakafu ya saruji tupu. Kabati hamna, kuna vigingi viwili ukutani. Dirisha halina pazia, bafu liko nje na halina paa, televisheni wameiondoa makusudi ili mgeni asikilize ukimya. Niliusikiliza, ulikuwa na mbu mmoja. Asubuhi wakaleta slesi moja ya mkate iliyopakwa parachichi na kunyunyiziwa mbegu, ikakaa peke yake katikati ya sahani kubwa. Nikauliza, chakula kinakuja saa ngapi? Binti wa mapokezi akanifariji kwamba bei niliyolipa ni ya msimu wa joto, majira ya baridi hupanda.

Aliyenifaa ni mama wa usafi, Mkongo. Tucson wako wengi waliofika kama wakimbizi. Alinisikia nikigugumia kwa Kiswahili, mkono tayari pajani.

“Pole, papa, usivute na mukono!”

Akaleta kitana cha plastiki, akakipenyeza chini ya miiba, akakirusha kile kipande mbali. Kisha akaniuliza nimelipa ngapi. Nikamwambia. Akaweka ndoo chini.

“Papa, kwetu Uvira nyumba ya udongo mutu analala bure.”

Mama watoto hakusikia, alikuwa anapiga picha bafu. Picha zimetoka vizuri, siwezi kubisha, na huko Morogoro ndugu wanasema tumeukata.

Nawe ukialikwa, nenda mwezi wa pili au wa tatu, hakuna joto la kukukaanga. Beba kitana, beba na khanga ya kutundika dirishani. Na kabla ya kuingia, kula ushibe.