Sababu saba za kuniacha nipite na baiskeli yangu ya umeme

Tangu nistaafu ualimu na kununua baiskeli ya umeme, kijiwe chetu cha kahawa hapa Isamilo, Mwanza, kimepata ajenda ya kudumu. Bei ya sato imesahaulika, Simba na Yanga wanasubiri zamu. Ajenda ni mimi. "Mwalimu, hiyo ni baiskeli au jiko la umeme?" "Mwalimu, chaji ikikata njiani, LUKU utanunua wapi?" Basi leo najibu kwa maandishi. Nahesabu kutoka saba kushuka hadi moja, maana kushuka ndiko tulikozoea.

7. LUKU haitaisha. Betri ya saizi ya yangu hujaa kwa nusu uniti na kidogo, nami nachaji mara mbili kwa wiki. Mjukuu wangu, anayepiga pasi shati moja kana kwamba anaolewa kesho, anakula umeme kunishinda.

6. Magoti. Goti langu la kushoto hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Juu ya baiskeli uzito mwingi unabebwa na kiti, goti linazunguka tu bila kulalamika. Ila nisiwafiche: kwa kuwa kiti ndicho kinachobeba, mifupa haifaidi sana, kwani mfupa huimarika ukibebeshwa mzigo. Ndiyo maana kanisani naenda kwa miguu. Padri anadhani ni toba.

5. "Umri umekutupa, Mwalimu." Mwaka 2017 Mfaransa Robert Marchand aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja. Alikuwa na miaka 105. Baiskeli ya kawaida, bila hata betri ya tochi. Mimi nina miaka 71. Kwa hesabu hiyo bado niko chekechea.

4. Nilianguka, ndiyo. Mbele yenu, tena nikiwa nimesimama! Hizi baiskeli ni nzito, nyingi hukaribia kilo 25, na kwa sisi wazee kupanda na kushuka kuna hila zaidi kuliko mwendo wenyewe. Nikaenda kubadilisha, nikachukua ile yenye fremu ya chini, mnayoiita ya kike. Chekeni. Sasa navuka mguu bila kuurusha kama mcheza karate. Na kila asubuhi napiga mswaki nimesimama mguu mmoja, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linatutaka sisi wa miaka 65 na kuendelea tufanye mazoezi ya kujisawazisha angalau siku tatu kwa wiki. Mke wangu alifikiri nimerogwa.

3. Akili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wa miaka 50 hadi 83 walioendesha baiskeli mara tatu kwa wiki, nusu saa kila safari, kwa wiki nane. Wengine walipewa za kawaida, wengine za umeme. Baadhi ya vipimo vya akili vilipanda kwa makundi yote mawili, na kwa uchangamfu wa moyo wale wa umeme hawakuachwa nyuma hata kidogo. Anayenidai elfu tano asitegemee tena kwamba nimesahau. Wala mimi sijasahau ninaowadai.

2. "Lakini unabebwa!" Hapa ndipo kijiwe kizima husimama kunizomea, kwa hiyo sogezeni mabenchi. Mota ya baiskeli yangu haiwaki mpaka nikanyage pedali. Nikiacha, nayo inaacha, kama mwanafunzi mvivu mwalimu akitoka darasani. Huko Ulaya sheria inaibana zaidi: nguvu yake isizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa msaada unakatika, miguu ijitegemee. (Zile za kuzungusha mkono kama pikipiki, hapo mnazomea kihalali. Hilo si zoezi, ni usafiri.) Ni kweli, kwa kila kilomita natoka jasho kidogo kuliko mwenye baiskeli ya kawaida ya Phoenix. Lakini uchunguzi uliofanywa katika miji saba ya Ulaya ulikuta kwamba kwa wiki nzima wenye baiskeli za umeme hawapitwi kwa mazoezi, kwa sababu wanakwenda mbali zaidi. Mwenye Phoenix anachoka, anaiegemeza ukutani, anakuja kijiweni kunizomea.

1. Mlima. Phoenix ninayo tangu nikiwa mwalimu kijana. Kushuka nayo hadi mwaloni Kirumba kununua samaki ilikuwa raha tupu. Kurudi ndiko kulikokuwa na maneno: naisukuma, jua linachoma, sato ananuka, watoto wananipa shikamoo za huruma. Ikaishia stoo, kuku wakaifanya kitanda. Si kwamba miguu ilikataa, nilikuwa naukwepa mlima mmoja tu. Sasa naenda Kirumba mara nne kwa wiki, dakika arobaini kwenda na kurudi. Jumlisheni: 160. Wataalamu wanataka walau 150, nami hata sijaziita mazoezi. Naziita kufuata kitoweo.

Juzi yule mzomeaji mkuu, yule wa jiko la umeme, aliomba azunguke mara moja tu, "nione breki." Alirudi baada ya saa nzima, betri imebaki mstari mmoja, kwenye usukani kaning'iniza sato watatu. Kahawa yake nilishaimaliza.